Tao lililochongoka si cheti cha kuzaliwa

Nchini Uingereza, shule nyingi za zamani za masista zimegeuzwa kuwa fleti, na mara nyingi utasikia zikisifiwa kuwa ni majengo ya Zama za Kati. Ushahidi unaotolewa ni mmoja: madirisha yenye matao yaliyochongoka.

Matao hayo hudanganya. Mfalme Henry VIII alizifunga nyumba za watawa kati ya 1536 na 1540, na Wakatoliki walisubiri hadi 1829 kuruhusiwa kuingia bungeni. Nyingi ya shule hizi zilijengwa baada ya hapo, enzi ya Malkia Victoria (1837–1901), kwa mtindo wa Gothiki, ule wa Zama za Kati wa matao yaliyochongoka, uliofufuliwa kwa makusudi. Mbunifu Pugin aliuona kuwa ndio mtindo wa Kikristo hasa.

Ukitaka kujua umri, acha tao, tazama vifaa. Matofali yanalingana kama mapacha. Vigae vya paa ni vya mawe ya Wales, vilivyoletwa kwa reli. Vioo navyo ni vingi, kwa kuwa kodi ya vioo ilifutwa 1845 na ya madirisha 1851.

Kanisa dogo la ndani ndilo huwasumbua wanaogawa fleti. Sakafu mpya hulikata dirisha refu katikati: wa chini hubaki na kiwiliwili chake, wa juu huamka ncha ya tao ikiwa usawa wa mto wake wa kulalia. (Wengine hulipia zaidi kwa hilo!)

Hata kanisa la Anglikana la Mkunazini, Unguja, lina matao yaliyochongoka, nalo ujenzi wake ulianza 1873.