Wahdatul-wujudi: inasema nini, na nini haisemi

Hapa Ujiji, kama ilivyo Tabora, tarika ya Kadiria, mojawapo ya njia za masufi, Waislamu wanaotafuta kumjua Mungu kwa moyo, ina mizizi ya siku nyingi. Basi ubishi wa barazani baada ya dhikri haukosi swali hili: eti masufi husema kila kitu ni Mungu? Swali hilo linagusa imani ya wazee wetu, na linastahili kujibiwa kwa haki.

Hapana, hawasemi hivyo. Wahdatul-wujudi, yaani umoja wa kuwapo, ni fundisho kwamba kuwapo kwa kweli ni kumoja tu, nako ni kwa Mwenyezi Mungu. Milima, samaki, malaika, mimi na wewe tupo kwa kupewa. Hatuna kuwapo kwetu wenyewe hata chembe. Fundisho hili hunasibishwa na Ibn Arabi, mwanazuoni wa kisufi aliyezaliwa Murcia, Andalusia, mwaka 1165 na kufariki Damasko mwaka 1240. Yeye hakulifanya neno hilo kuwa jina la mafundisho yake. Lilienea baadaye, kwa wafuasi na kwa wapinzani vilevile.

Nenda mwalo wa Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika, usiku wa mwezi mpevu. Mitumbwi ya dagaa imevutwa mchangani, maana taa za wavuvi hazifui dafu mbele ya mbalamwezi. Mwanga ule unasimamisha kazi ya mwalo mzima, na bado mwezi hauna mwanga wake. Ni wa jua. Anayesema mwezi ni jua amekosea, na anayesema mwezi una nuru yake mwenyewe amekosea pia. Ibn Arabi aliusema ulimwengu kwa maneno machache sana: Yeye, si Yeye.

Nafsi je? Hapa ndipo fundisho linapokuwa gumu, na ndipo linapopendeza. Kila kitu, anasema, kina hakika yake ambayo Mungu anaijua tangu azali, kabla ya kuumbwa chochote. Hakika hizo zimo katika elimu Yake tu. Kwa usemi wake mwenyewe, hazijanusa harufu ya kuwapo. Tunachokiona duniani ni kuwapo Kwake kunakodhihirika kwa kadiri ambayo kila hakika inaweza kupokea. Basi huyu “mimi” ninayempigania kutwa kucha, cheo chake na heshima yake, hakusimama kwa miguu yake. Tena udhihirisho haujirudii: ulimwengu unaumbwa upya kila pumzi, nasi hatutambui kwa kuwa kipya kinafanana na kilichopita.

Akili peke yake haiwezi kulibeba jambo hili. Katika Sura ya 42, aya ya 11, tunasoma kwamba hapana kitu kama mfano Wake, kisha papo hapo kwamba Yeye ni Mwenye kusikia, Mwenye kuona. Akili hushika nusu ya kwanza: Mungu yuko mbali na kila mfano. Nusu ya pili hushikwa na khayali, ule uwezo wa kuona maana ndani ya sura. Akili ikiachwa yenyewe humfanya Mungu awe mbali hata asiombeke; khayali ikiachwa yenyewe huchonga sanamu. Ni moyo, kwa vile hugeuka kila hali, unaoziweka zote mbili pamoja.

Mwanazuoni Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, alilipinga fundisho hili vikali, akiona linafuta mpaka kati ya Muumba na kiumbe. Hofu yake ni ya kweli kwa yeyote anayelitumia kuacha swala. Lakini Ibn Arabi mwenyewe aliandika milango mirefu juu ya tohara, swala, zaka, saumu na hija, wala hakuiona sharia kuwa ngazi ya kutupwa mtu akishapanda.

Pingamizi linalonipa kazi zaidi ni la Ahmad Sirhindi, sufi wa India, aliyefariki mwaka 1624. Kwake, umoja uko katika kuona: mja huzama hata asione kingine ila Mungu, lakini viumbe viko palepale. Yaani alichoonja kinaeleza hali ya moyo wake saa ile, hakielezi ulimwengu ulivyo. Ni hoja nzito. Hata hivyo naegemea kwa Ibn Arabi, kwa sababu ya aya aliyoitegemea sana, ya 17 katika Sura ya 8, Mtume anapoambiwa, juu ya mchanga aliowatupia maadui vitani: hukutupa wewe ulipotupa, bali Mwenyezi Mungu ndiye aliyetupa. Aya inasema “ulipotupa”, ikikubali kwamba mkono ulitupa kweli, na katika pumzi ileile inasema hukutupa.