Chapa ya makro yenye ukomo wa nakala: maana yake na mambo ya kukagua

Faili ya picha ya dijitali, iwe ya makro (picha ya karibu sana ya kitu kidogo) au nyingine, inaweza kuchapwa mara elfu bila kuchakaa. Kwa hiyo ukomo wa nakala hauletwi na mashine. Unaletwa na ahadi: mpiga picha anatangaza idadi ya nakala kabla ya kuuza ya kwanza, anazisaini na kuzipa namba, na zikiisha hachapi tena. Alama 7/25 maana yake ni nakala ya saba katika toleo la nakala 25. Ubora ni mmoja kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Imani kwamba namba ndogo ni bora imerithiwa kutoka uchapaji wa mabamba ya shaba, ambayo kweli yalikuwa yakilika kadiri yalivyotumika.

Nje ya hesabu hiyo huwa kuna nakala za msanii mwenyewe, zenye alama A/P. Wengi hufuata desturi ya takriban asilimia 10 ya toleo, yaani mbili au tatu kwa toleo la 25. Zitajwe tangu mwanzo. Toleo la 25 lenye nakala 15 za msanii ni toleo la 40 lililofichwa.

Ugomvi mkubwa huzuka kwenye vipimo. Je, 25 ni jumla ya nakala zote za picha hiyo, au ni 25 kwa kipimo kidogo, kisha 25 nyingine kwa kipimo kikubwa? Mwaka 2012, nchini Marekani, mkusanyaji Jonathan Sobel alimshtaki mpiga picha William Eggleston kwa kuchapa upya, kwa ukubwa zaidi na kwa wino wa pigmenti (wenye chembe za rangi zisizoyeyuka), picha ambazo Sobel alikuwa nazo katika toleo la zamani lenye ukomo. Mwaka 2013 mahakama ya New York ilitupilia mbali shauri hilo, ikiona kwamba chapa mpya ni toleo jingine. Sheria ya kodi ya ongezeko la thamani ya Umoja wa Ulaya ni kali zaidi: ili picha ihesabiwe kuwa kazi ya sanaa, lazima ichapwe na msanii au chini ya usimamizi wake, isainiwe, ipewe namba, na nakala zisizidi 30 kwa vipimo vyote vikijumlishwa. Hata kwa anayeuza Arusha au Nairobi, kigezo hicho cha Ulaya ndicho cha haki, kwa sababu mnunuzi anaielewa ahadi bila kuuliza maswali ya kisheria.

Makro inaongeza ugumu wake. Kwa maana kamili, ni picha ambayo kitu kinaangukia kwenye kihisi cha kamera kwa ukubwa wake halisi, yaani 1:1. Tuchukue ua la Saintpaulia, linaloota porini kwenye miamba yenye kivuli ya milima ya Usambara. Upana wake ni kama sentimita 2.5, hivyo linajaza kimo chote cha kihisi cha milimita 36 kwa 24. Kwa 1:1 na tundu la lenzi f/8, kina cha sehemu inayotoka kali, bila ukungu, hakifiki milimita moja. Ukibana tundu hadi f/22, mwanga hutawanyika na picha nzima hulainika. Dawa yake ni kupiga picha nyingi huku fokasi ikisogezwa kidogo kidogo, kisha kuziunganisha kwa programu. Ua lenye kina cha sentimita moja, kwa hatua za nusu milimita, linahitaji picha kama 20, kamera ikiwa kwenye stendi, mwanga na mipangilio bila kubadilika. Upepo ukitikisa petali katikati ya zoezi, kingo hutoka mbilimbili au zikazungukwa na ukungu, na kasoro hiyo haifutiki vizuri.

Kasoro zote hizo hukua kwenye karatasi. Faili ya pikseli 6000 kwa 4000, ikichapwa kwa pikseli 300 kwa inchi, inatoa picha ya sentimita 50.8 kwa 33.9. Kilichokuwa na milimita 36 sasa kina zaidi ya milimita 500, yaani kimekuzwa mara 14. Unywele wa jani wa milimita moja unakuwa mrefu kuliko sentimita moja, na chembe ya vumbi inakuwa doa. Kwa hiyo kagua faili kwa asilimia 100, yaani pikseli moja ya faili kwa pikseli moja ya skrini, kipande kwa kipande, kabla ya kupanga kipimo cha toleo.

Karatasi inayofaa ni ya pamba asilimia 100, isiyo na asidi, yenye uzito wa gramu 300 hivi kwa mita mraba. Epuka iliyotiwa kemikali za kung'arisha weupe, kwani nguvu yake huisha na karatasi ikaonekana ya manjano. Wino uwe wa pigmenti. Ule wa rangi iliyoyeyushwa hupauka mapema zaidi. Karatasi isiyong'aa inapendeza kwa petali, lakini gamba la mende au tone la umande hupoteza weusi wake mzito hapo, na hutoka vizuri zaidi kwenye karatasi yenye mng'ao kiasi. Zambarau ya Saintpaulia ni mtego: skrini huonyesha rangi ambayo printa nyingi haziifikii, ikaishia buluu iliyofifia. Chapa kwanza kipande cha majaribio. Chapa ikitoka nyeusi kuliko ulivyoiona, mara nyingi kosa ni skrini iliyowashwa kwa mwanga mkali mno.

Acha chapa ikauke angalau siku nzima kabla ya kuifunga kwenye fremu, la sivyo mvuke wa wino utatanda ndani ya kioo. Saini na namba ziandikwe kwa penseli kwenye ukingo mweupe. Cheti kitaje jina la picha, mwaka wa kupigwa na wa kuchapwa, kipimo cha picha na cha karatasi, aina ya karatasi na wino, namba, jumla ya toleo na idadi ya A/P.

Kwenye unyevu wa Mombasa, Tanga au Unguja, chapa isiguse kioo, maana itanata na kuchanika siku ya kuitoa. Weka kadi ya pamba yenye dirisha katikati yao. Shikiza chapa kwa vipande vyembamba vya karatasi upande wa juu pekee, ipate nafasi ya kutanuka na kusinyaa. Ukiigundisha pande zote itajikunja. Nyuma ya fremu bandika vipande vidogo vya mpira ili hewa ipite kati yake na ukuta, na usiitundike mahali jua linapopiga moja kwa moja.