Mtoto wa ndoa ya tamaduni mbili shuleni: yanayosemwa na yalivyo

Mtoto akichelewa kujua kusoma, na mwalimu akajua kwamba baba na mama hawatoki utamaduni mmoja, ushauri huja upesi: "Nyumbani tumieni lugha ya shule tu, mnamchanganya." Nimewaona wazazi wakiupokea ushauri huo kwa unyenyekevu na kuanza kuutekeleza siku hiyohiyo. Mama anambembeleza mwanawe kwa lugha anayobabaika nayo, na nyimbo alizolelewa nazo yeye zinakoma. Naanza na dhana hii kwa sababu ndiyo inayoharibu zaidi.

Dhana: Lugha mbili humrudisha mtoto nyuma kimasomo.

Zamani hata wataalamu wengi waliamini hivyo. Mwaka 1962 watafiti Elizabeth Peal na Wallace Lambert walichapisha matokeo ya kuwapima watoto wa miaka 10 huko Montreal, Kanada, na waliomudu lugha mbili waliwapita wenzao katika vipimo vingi. Ukubwa wa faida hiyo unabishaniwa mpaka leo, lakini yale madhara yaliyohofiwa hayakuonekana. Ukipima msamiati wa mtoto kwa lugha moja tu, utaona upungufu. Hesabu maneno ya lugha zote mbili, na mara nyingi upungufu huo hauonekani tena. Akiwa na tatizo halisi la kuongea, litajitokeza katika lugha zote mbili. Huyo apelekwe kwa mtaalamu, asinyang'anywe lugha.

Na kule kuchanganya maneno? Msikilize mtoto wa miaka mitatu akiomba kijiko. Anaanza sentensi kwa lugha ya baba, neno "kijiko" analichota kwenye lugha ya mama, kisha anamgeukia bibi asiyejua lugha ya baba na kurudia ombi lote kwa lugha ya bibi. Mtoto huyo anajua vizuri sana anaongea na nani.

Dhana: Lugha ya mzazi wa pili ataiokota tu akikua.

Mtafiti wa lugha za watoto, Annick De Houwer, alichapisha mwaka 2007 utafiti wa karibu familia 1,900 katika eneo la Flanders, Ubelgiji, ambamo angalau mzazi mmoja alikuwa na lugha nyingine. Watoto wote waliongea lugha kuu ya eneo hilo. Lugha iliyopotea ni ile ya nyumbani: karibu robo yao hawakuiongea kabisa. Kwa hiyo lugha ya shule haihitaji kulindwa sebuleni kwenu.

Dhana: Lazima achague upande mmoja.

Hapa fomu nazo zina lawama. Sensa ya Marekani haikumruhusu mtu kuchagua mbari zaidi ya moja mpaka mwaka 2000. Fomu ya shule yenye kisanduku kimoja humtaka mtoto amfute mzazi mmoja kwa kalamu. Lakini ndugu wa baba mmoja mama mmoja wanaweza kujitambulisha kwa namna mbili tofauti, na mtoto huyohuyo akajieleza vingine akiwa na miaka saba na vingine akifika kumi na saba. Hilo ni jambo la kawaida katika kukua, si dalili ya kuchanganyikiwa. Kinachoumiza, kwa maoni yangu, ni kuitwa "nusu", na kuulizwa kila wiki "wewe hasa ni wa wapi?" hata na watu wazima.

Dhana: Utamaduni ni wa nyumbani, shule haihusiki.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, katika ibara ya 29, unataka elimu imjengee mtoto heshima kwa wazazi wake, kwa utambulisho, lugha na maadili yake, kwa nchi anamoishi na kwa nchi ya asili yake. Yote kwa pamoja. Darasani hilo halihitaji bajeti. Kazi ya kuchora ukoo iwe na nafasi ya kutosha pande zote mbili. Na siku ya kwanza, kabla ya kuita mahudhurio, mwalimu amwulize mzazi jina la mtoto linatamkwaje, ajaribu kulitamka mbele yake mpaka likae sawa mdomoni, ndipo aliite mbele ya darasa.