Dipoziti ya Nyumba: Anza Kuilinda Siku Unayopewa Funguo

Wapangaji wanaofika kwenye dawati letu la msaada wa kisheria hapa Nairobi huja na lalamiko moja: wamehama, wamerudisha funguo, na mwenye nyumba anadai dipoziti yote imeishia kwenye rangi. Sisi huwauliza kwanza kama wana picha za nyumba za siku waliyoingia. Wengi hawana, na inatuuma kuwaona wakipoteza pesa waliyoitolea jasho.

Dipoziti ni pesa yako iliyo mikononi mwa mwenye nyumba. Anaweza kukata kodi unayodaiwa, bili ya maji na gharama ya ulichoharibu, kama sinki uliyovunja au kitasa ulichong'oa. Rangi iliyofifia kwa miaka ya kuishi humo ni uchakavu wa kawaida. Lakini chunga: mikataba mingi husema mpangaji atapaka rangi akihama, na ukishatia sahihi, kifungu hicho kinaweza kukubana. Omba kiondolewe kabla ya kulipa chochote.

Siku ya funguo, kabla godoro halijaingia, rekodi video chumba kwa chumba. Fungua kila bomba, vuta maji ya choo, washa kila swichi, onyesha nyufa, madoa na namba za mita. Itume kwa mwenye nyumba kwa WhatsApp siku hiyo hiyo, maana ujumbe hubeba tarehe. Lipa kwa benki au M-Pesa, na udai risiti inayotenganisha dipoziti na kodi ya mwezi wa kwanza. Ukimlipa keateka, yaani msimamizi wa nyumba, risiti itaje jina la mwenye nyumba.

Ukitaka kuhama, toa notisi kwa maandishi kwa muda uliotajwa kwenye mkataba, kisha wewe na mwenye nyumba mkague nyumba kwa pamoja, na urekodi tena. Akikata pesa, mtake akuonyeshe orodha ya marekebisho na risiti za fundi.

Wapo wanaoamua "kula dipoziti", yaani kuacha kulipa kodi ya mwezi wa mwisho. Naielewa hofu yao, ila siwashauri. Mkataba usiporuhusu hivyo, wewe ndiwe unayedaiwa, na sheria humruhusu mwenye nyumba kumtumia dalali mwenye leseni kukamata vyombo vyako kwa deni la kodi.

Mwenye nyumba akikataa kurudisha dipoziti, mwandikie barua ya madai yenye kiasi na siku ya mwisho ya kulipa. Baada ya hapo nenda Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, yakiwemo ya pesa zako anazozishikilia mwingine. Huhitaji wakili, Kiswahili kinakubalika, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Mahakama ya Kodi za Nyumba yenyewe hushughulikia nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango kinachowaacha nje wapangaji wengi wa mjini.

Madai ya mkataba yanaweza kufunguliwa ndani ya miaka 6. Hata hivyo usingoje: keateka aliyeshuhudia ukirudisha funguo huenda akahama, na simu yenye video ikaibwa.