Kambi Kando ya Mto: Pima Kimo cha Ukingo Kabla ya Kufungua Hema

Shule zikifungwa na joto la Mombasa likizidi, familia nyingi na vikundi vya vijana hupanga kwenda kulala porini siku mbili tatu. Wengine huvuka feri ya Likoni kuelekea msitu wa Shimba Hills kule Kwale, kama kilomita 33 kutoka mjini. Wengine hupanda hadi kingo za mto Galana ndani ya Tsavo Mashariki. Chakula hupangwa mapema na hema huazimwa mapema. Mahali pa kulipiga hema lenyewe huchaguliwa jioni, watu wamechoka, na kinachotazamwa ni kivuli na mandhari. Hapo ndipo makosa makubwa hufanyika, maana mto uliotulia saa kumi jioni waweza kuwa umepanda mita mbili ifikapo saa nane usiku.

Galana huzaliwa pale mito ya Athi na Tsavo inapokutana, na ukikaribia bahari huitwa Sabaki, ukaingia baharini kaskazini mwa Malindi. Athi wenyewe unatoka nyanda za juu karibu na Nairobi. Mvua ikipiga huko, maji yanateremka mamia ya kilomita hadi kukufikia wewe uliyelala chini ya anga lenye nyota. Mto Tana nao una mabwawa matano ya umeme huko juu, kuanzia Masinga hadi Kiambere. Yakijaa na kumwaga, watu wa chini huletewa mafuriko bila tone la mvua kwao. Kwa hiyo kabla ya kutoka nyumbani, ulizia hali ya mvua kule mto unakotoka. Masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba, ni miezi ya kukaa mbali na kingo za chini. Na usilale kamwe ndani ya mkondo mkavu wa mto wa msimu, hata kama mchanga wake ni laini kuliko godoro.

Ukifika, mto wenyewe utakuonyesha ulipowahi kufika. Tazama matawi ya vichaka: majani makavu, nyasi na vijiti vilivyonasa vyote upande mmoja vimeletwa na maji. Tazama magome ya miti: tope kavu huacha mstari, juu yake gome ni safi na chini yake lina vumbi la kijivu au jekundu. Mchanga msafi usio na majani yaliyooza chini ya miti umeoshwa juzijuzi. Tafuta alama iliyo juu kuliko zote, kisha panda angalau mita moja zaidi ya hapo.

Watu wengi huhesabu hatua kutoka majini wakaridhika. Kwenye tambarare, hatua 60 zaweza kukuinua nusu mita tu, na nusu mita si kitu. Pima kimo, na huhitaji chombo cha fundi. Chukua chupa angavu, itie maji nusu, simama ukingoni miguu ikiwa karibu kugusa maji. Inyanyue chupa hadi usawa wa macho na uangalie sambamba na uso wa maji yaliyo ndani yake, ukielekea kwenye mteremko. Pale jicho linapogonga ardhi ndipo palipo sawa na kimo cha macho yako. Kama macho yako yako mita 1.5 kutoka ardhini, pale ni mita 1.5 juu ya mto. Nenda ukasimame papo hapo, urudie. Mara mbili ni mita 3. Mshike mtoto wa kukusaidia kuweka jiwe kwenye kila alama. Ni kazi ya dakika tano.

Ukishapata kimo, angalia kona za mto. Upande wa nje wa kona maji hukwangua, na ukingo wake hukatika kwa kishindo hata kiangazi. Gari na hema vikae mbali na mdomo huo. Upande wa ndani kuna fungu la mchanga linalovutia sana, nalo ndilo linalozama kwanza.

Wanyama nao wana njia zao. Kiboko hutoka majini usiku kwenda kula nyasi, na hupita palepale kila siku. Njia yake ni mifereji miwili sambamba yenye tuta dogo katikati, kwa sababu miguu ya kulia na ya kushoto huachana sana. Ukiiona njia hiyo, hama. Kiboko akikuta hema kati yake na maji hazunguki. Mamba yeye hujifunza mazoea, basi usichote maji mahali pamoja kila asubuhi. Tupa ndoo yenye kamba kutoka ukingo wa juu, na nguo za watoto zisifuliwe majini.

Kivuli ni kitu kizuri, ila inua macho kwanza. Tawi kavu lisilo na gome huanguka hata siku isiyo na upepo, hasa baada ya mvua kulitia uzito. Kaa mbali na mti uliokufa kwa umbali wa mara moja na nusu ya urefu wake. Mkuyu wenye matunda huita nyani, tumbili na popo. Mkoma, ule mnazi-mwitu wenye shina linalogawanyika, huita ndovu, nao wamejaa kando ya Galana. Chakula kifungiwe ndani ya gari, hasa matunda matamu. Kisilale hemani hata biskuti.

Udongo ujaribu kwa maji: mwaga lita moja, ngoja dakika tano. Likibaki dimbwi, hapo mvua ikija utalala majini. Kwenye mchanga vigingi vya hema havishiki. Funga kamba kwenye mfuko uliojaa mchanga, uuzike sentimita 30. Mgongo wa hema uelekee upepo: kusini-mashariki wakati wa kusi, kaskazini-mashariki wakati wa kaskazi, na jiko liwekwe upande ambao cheche hazirudi kwenye kitambaa.

Shimba Hills kuna jambo la mbung'o. Rangi ya buluu na nyeusi ndizo zinazowavuta, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa rangi hizo. Vaa kaki au kijivu, mikono mirefu. Kwenda maporomoko ya Sheldrick, yenye kimo cha mita 21, ni kwa kuongozana na askari wa wanyamapori, kwani ndovu wako njiani.

Maji ya mto yasikuingie mwilini hovyo. Kichocho kipo Pwani, na konokono wake hupenda vidimbwi vilivyotulia vyenye mimea ya maji. Kuogelea kidogo tu kwatosha kuambukizwa, na kujifuta taulo si kinga ya kutegemea. Ukishaingia, nenda kituo cha afya wiki sita hadi nane baadaye upimwe, hata usipoona damu kwenye mkojo. Tiba ipo na ni ya tembe. Maji ya tope yatulizwe kwenye ndoo usiku kucha, yachujwe kwa leso safi iliyokunjwa mara nne, kisha yachemshwe mpaka yatokote dakika moja nzima. Leso hutoa uchafu, haiui vijidudu. Kadiria lita 10 kwa mtu kwa siku, nne kati yake za kunywa. Beba mitungi ya kurudisha nyumbani: tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku ndani ya hifadhi, misitu na fukwe zinazolindwa. Shimo la choo lichimbwe sentimita 15 hadi 20, mita 60 kutoka mtoni. Chandarua ni lazima, hata kwa usiku mmoja.

Ndani ya hifadhi unapiga kambi palipotengwa tu, na ada hulipwa mapema kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Malango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Fika kabla ya saa tisa alasiri ili upime kwa mwanga. Misitu ya kaya si viwanja vya kambi. Ni mahali patakatifu pa Wamijikenda, na hata kuingia ni kwa idhini ya wazee.

Kabla ya kulala, geuza gari litazame njia ya kutokea, funguo ziwe mahali kila mtu mzima anapopajua. Chomeka kijiti pale maji yalipoishia, ukimulike kwa tochi kutoka mbali kila baada ya nusu saa mpaka ulale, na mmoja aamke usiku wa manane kukiangalia tena. Maji yakigeuka rangi ya chai, yakianza kubeba majani na vijiti, au kijiti kikizama upana wa kiganja, amsha watu na mpande juu mara moja. Hema liacheni.