Dawa ya tangi haiponyi injini iliyochoka
Madereva wengi wa Malindi huamini kwamba ukimimina kichupa cha dawa kwenye tangi, injini hurudi kuwa mpya. Si kweli. Dawa yenye polietheramini, kemikali ya kusafishia, husafisha masizi kwenye nozeli zinazopuliza mafuta, na gari lililokuwa likitetemeka likiwa limesimama injini ikiwaka huenda likatulia. Basi, kazi yake imeishia hapo. Ringi za pistoni zilizolika haizigusi, plagi iliyokufa haiifufui. Na zile injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda? Petroli haipiti kabisa kwenye valvu za kuingiza hewa, kwa hiyo masizi ya huko hubaki vilevile, hata umimine debe. Tuktuk ikitoa moshi wa buluu pale stendi, hiyo inaunguza oili. Pesa ya kichupa mpe fundi.