Je, wajua kwa nini ushuru wa asilimia 35 unaweza kumwacha fundi cherehani wa Mwanza bila ulinzi wowote?

Wenye maduka na viwanda wanapolalamikia nguo za bei rahisi zinazoagizwa kwa simu kutoka China, dawa inayotajwa kwanza ni kupandisha ushuru wa forodha. Wengi huamini kwamba shati la nje likitozwa asilimia 35, fundi wa Makoroboi jijini Mwanza naye amekingwa kwa asilimia 35. Sivyo. Ushuru huo hulilinda shati. Riziki ya fundi ni kile kinachobaki baada ya kulipia kitambaa, na kitambaa nacho kina ushuru wake.

Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza mwaka 2005 ukiwa na viwango vitatu: asilimia 0, 10 na 25. Julai 2022 kikaongezwa cha nne, asilimia 35, kinachogusa nguo, samani na bidhaa za ngozi. Kando yake ipo orodha ya bidhaa nyeti, yaani zinazolindwa kwa ushuru wa juu zaidi, ambamo khanga na vitenge vya kutoka nje hutozwa asilimia 50.

Tuchukue bei za mfano. Shati la kitenge linafika bandarini kwa shilingi 10,000, na kitambaa chake pekee kina thamani ya 6,000. Pasipo ushuru, fundi anayeshindana nalo hubakiwa na 4,000. Ushuru ukiwekwa, anaweza kuuza kwa 13,500, lakini kitambaa, kwa ushuru wake wa asilimia 50, kimefika 9,000, hivyo anabakiwa na 4,500. Ulinzi wake ni asilimia 12.5, yaani nyongeza ya 500 juu ya zile 4,000. Kitambaa kingetozwa asilimia 25, angebakiwa na 6,000, yaani ulinzi wa asilimia 50 kwa ushuru uleule wa shati. Na kama kitambaa kingekuwa cha 7,000, ulinzi ungekuwa sifuri kamili: 3,000 kabla ya ushuru, 3,000 baada yake. Ni kama mvuvi wa dagaa aliyepandishiwa bei ya samaki na ya petroli ya mashine kwa pamoja. Hali yake huijua akishatoa gharama. Miaka ya 1960 wachumi Max Corden na Bela Balassa waliiwekea hesabu hii msingi, nayo huitwa ulinzi halisi.

Hata anayenunua kitenge cha ndani haponi sana, kwa kuwa kiwanda kinaweza kusogeza bei yake karibu na ile ya cha nje. Hesabu hii pia huchukulia kwamba bei ya shati hupanda kwa ushuru wote, jambo ambalo mitumba ya soko la Mlango Mmoja hulifanya kuwa gumu. Hata hivyo asilimia 50 ya kitenge ina sababu ya haki: Kanda ya Ziwa hutoa zaidi ya asilimia 90 ya pamba ya Tanzania, na sehemu kubwa husafirishwa nje kabla ya kusokotwa, ilhali ingeweza kufumwa hapa nchini. Anayemtetea mfumaji na anayemtetea mshonaji wanavuta kamba moja pande mbili, na sera inapaswa kulikiri hilo waziwazi.

Biashara ya mtandaoni huongeza tatizo la thamani. Ushuru hukokotolewa kwa thamani iliyotangazwa, na vifurushi vidogo vingi ni vigumu kukaguliwa kimoja kimoja. Shati letu la 10,000 likitangazwa kuwa la 5,000, ushuru wake ni 1,750 tu, nalo linaingia sokoni kwa 11,750. Fundi aliyenunua kitambaa kwa 9,000 anabakiwa na 2,750, pungufu ya zile 4,000 ambazo angepata pasipo ushuru wowote.